Mzee alitembea na msumari mguuni siku mbili, hakusikia kitu (uzi wa miguu ya wenye kisukari)

Mtoto wa Mwaloni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Hili jambo nimekaa nalo tangu Pasaka, na leo mvua imenifungia ndani, acha niliandike. Ni refu, mwenye haraka apite.

Mzee wangu ana miaka 61, na kisukari tunaishi nacho nyumbani huu mwaka wa 12. Kazi yake ni dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza: ananunua kwa gunia, anaanika upya zilizolowa, anawauzia wanaopeleka Kongo. Viatu vyake tangu nipate akili ni katambuga. Husema tairi haliingii mwiba. Kweli mwiba hauingii, ila fundi hugongea misumari midogo, na mmoja ulipanda juu.

Aliyegundua si yeye, ni mdogo wangu wa kike. Alikuwa anapiga deki akaona matone ya damu sakafuni, moja moja, kutoka mlangoni. Akadhani kuna aliyechinja kuku. Akayafuata mpaka kwenye kiti cha mzee, yuko anasikiliza taarifa ya habari. Kumvua katambuga ya kulia, haitoki. Mzee anacheka: "Tangu juzi hii kitu imeng'ang'ania, nikasema labda jasho." Msumari ulikuwa umeingia chini ya kidole gumba, kwenye ule mto wa nyama, umeshonea kiatu kwenye mguu.

Siku mbili hizo alikuwa anapanda na kushuka kilima chetu cha mawe kama kawaida.

Tuliyoyafanya baada ya hapo nayaandika bila kujitetea. Zahanati ya mtaani (siitaji) walimchoma sindano ya pepopunda, wakampa vidonge, wakasema kitakauka. Hawakuomba kuona mguu wa pili, na sukari hawakupima. Mama mdogo akaja na kapsuli za rangi mbili, akawa anazifungua na kunyunyiza unga juu ya kidonda. Kijiweni wakasema mzee amekanyaga kitu alichotegewa, na jina la aliyemtega wakalitaja. Mganga akaitwa. Mzee akamkataa, kwa sababu ya bei nadhani, wala si kwa kukosa imani.

Siku ya 9 kidonda kikaweka gaga jeusi zuri, tukafurahi. Siku ya 11 shemeji akaingia sebuleni, akasimama, akauliza kama kuna sangara ameoza ndani. Nyumba nzima inanuka dagaa mwaka mzima, sisi pua zetu zilishazoea. Alikuwa mguu wa mzee.

Hospitali tulipokewa na daktari wa kike, kijana. Hakugusa kidonda kwanza. "Baba, vua vyote viwili." Mzee akasema wa kushoto ni mzima. "Ndiyo, nataka kuuona huo mzima." Akapanua vidole kimoja kimoja, akatazama katikati yake, akapitisha mgongo wa kiganja kwenye nyayo akilinganisha joto. Kwenye mguu mzima akaonyesha sugu chini ya kidole gumba, ngumu kama muhogo mkavu, akasema hiyo ndiyo kesi yetu ya mwakani.

Kisha akatoa kijiti chenye uzi, siyo uzi kama huu tunaousoma, uzi wa nailoni mnene kama mshipi wa ndoano. Anaubana kwenye ngozi mpaka upinde, na unapopinda unakuwa umekandamiza kwa uzito wa gramu 10. Mzee akaambiwa afumbe macho, aseme "naam" kila akiguswa. Nikawa nahesabu kimoyomoyo. Ilipofika mara ya saba mzee bado amefumba macho, akauliza kwa upole, "Daktari, unaanza saa ngapi?"

Nilitoka nje kidogo.

Niliporudi alikuwa anatafuta mapigo ya damu, kwanza juu ya mguu, halafu nyuma ya kifundo upande wa ndani. Yalikuwepo yote, akasema hiyo ndiyo habari njema ya siku. Akakata ngozi iliyokufa, gaga letu zuri likatoka na usaha chini yake, akapitisha chuma chembamba butu kwenye tundu. Kidonda nilichokiona ni cha ukubwa wa punje ya mahindi kiliingia karibu urefu wa pingili ya kidole. Mwisho wake chuma kikagonga, kama kijiko kinapogusa sahani iliyozama kwenye beseni. "Mfupa huo," akasema. Eksirei ikaonyesha mfupa umeanza kuliwa.

Wakaondoa kidole gumba na kipande cha mfupa nyuma yake. Mguu umebaki. Wenye ujuzi naomba mwongezee, na mrejesho nitatoa.

Samaki Mkavu

Pole sana mkuu. Hilo swali la "unaanza saa ngapi" limenikaa kooni.

Nesi wa Vidonda

Pole kwa mzee. Kazi yangu ni kufunga vidonda, hii hii Kanda ya Ziwa, kituo sitaji.

Niwaambie kitu ambacho wagonjwa hunibishia kila wiki. Mguu wa kisukari unaouma unaleta watu hospitali. Usiouma unaleta watu chumba cha upasuaji. Sukari ikikaa juu miaka inaharibu neva, na neva ndefu huanza kufa kwenye ncha, yaani vidoleni. Kwanza kuwaka moto usiku na kuhisi siafu, baadaye kimya. Watu wakifika kwenye kimya wanashukuru, wanasema dawa imefanya kazi.

Neva hizo hizo ndizo zinazotoa jasho la mguu, kwa hiyo ngozi inakauka na kupasuka visigino. Na ndizo zinazoendesha misuli midogo ya vidole, kwa hiyo vidole vinajikunja kama kucha za kuku na uzito wote unahamia kwenye vichwa vya mifupa pale mbele. Hapo inaota sugu. Sugu yenyewe ni kama jiwe ndani ya kiatu: kila hatua inagandamiza nyama ya chini mpaka damu inavujia humo. Ukiona sugu yenye doa jeusi au la zambarau katikati, chini tayari kuna kidonda. Daktari hakukosea kuiita kesi ya mwakani. Ila msichonge wenyewe kwa wembe. Nawajua.

Kipimo cha nyumbani kipo na hakina gharama. Mgonjwa alale, afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kidole chako cha shahada, kwa wepesi wa inzi anayetua, sekunde moja au mbili, usibonyeze wala usipapase. Kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili. Jumla sita. Usimwulize "umesikia?", mwache aseme mwenyewe kulia au kushoto. Akikosa viwili au zaidi, ganzi ipo. Wataalamu wa Ipswich, Uingereza, ndio waliokibuni, na kinakaribiana vizuri na kile cha uzi wa nailoni.

Kijana wa Nansio

Dada nesi, mama yangu yuko huku Ukerewe, sukari miaka 8. Kila jioni anatumbukiza miguu kwenye maji ya moto na chumvi, anasema yanamtoa ganzi. Kuna ubaya?

Nesi wa Vidonda

Upo, tena mkubwa. Mguu wenye ganzi haujui maji ya uvuguvugu na maji ya kuchemsha uji. Nimeshafunga malengelenge ya nyayo nzima yaliyotokana na beseni. Mwambie aache kuloweka. Anawe kwa maji aliyoyapima kwa kiwiko, akaushe, hasa katikati ya vidole, apake mafuta ya mgando mguu wote isipokuwa katikati ya vidole, pale unyevu unaleta fangasi. Na huo mtihani wa vidole sita mfanyie.

Kijana wa Nansio

Yeye kuacha beseni lake ni vita. Nitajaribu.

Gunia Mbili

Mimi ni mlinzi wa stoo ya dagaa. Mzee mwenzetu hapa aliamka asubuhi kidole kimetafunwa, shuka lina damu, na alilala fofofo. Tulisema panya wetu wana ustaarabu, wanauma huku wanapuliza.

Nesi wa Vidonda

Methali ilishaona mbali. Kisa hicho si cha stoo yenu tu. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, akiwemo Dkt. Zulfiqarali Abbas ambaye miguu ya kisukari ndiyo kazi ya maisha yake, waliandika kuhusu wagonjwa wa Tanzania wanaoumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Panya hahitaji kupuliza, neva zimeshampulizia. Huyo mzee alale kwenye chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, anawe mikono na miguu kabla ya kulala, kwa sababu harufu ya dagaa ndiyo inayomwita panya.

Na wavuvi msidhani ni miguu peke yake. Mwiba wa gogogo au wa sato kwenye kidole cha mkono cha mwenye kisukari, ukiachwa siku tatu nne, unaweza kupandisha usaha mpaka kiganjani.

Mkweli Daima

Tuseme ukweli wakuu. Hospitali kazi yao ni kukata. Ukiingia na mguu unatoka na gongo. Wajomba zangu wawili wamekatwa, mmoja akafa mwaka huo huo. Mimi mguu wangu sipeleki kule.

Tiba ya Jadi 100%

Ipo dawa ya mizizi INAKAUSHA kidonda ndani ya siku 7, hata donda ndugu, haina kemikali. Njoo PM.

Mtoto wa Mwaloni

Wa siku 7, rudi ulikotoka. Gaga jeusi la siku ya 9 nimeshaliona bure, sihitaji kulinunua.

Nesi wa Vidonda

Hapo umegusa penyewe. Kiswahili chetu kinatuponza: kidonda kupona tunasema kimekauka. Basi kila mtu anatafuta kitu cha kukausha, mara majivu, mara spiriti, mara unga wa kapsuli. Kinakauka kweli, juu. Chini usaha unatafuta njia, na njia rahisi ni kufuata kano kwenda kisiginoni. Kidonda cha kisukari kinapona kutokea chini kuja juu, kikiwa na unyevu kidogo, nyama nyekundu inayong'aa kama ini bichi. Kila ninapofunga napima urefu na upana kwa rula na kuandika. Kikiwa hakijapungua hata nusu ya eneo lake ndani ya wiki nne, kuna kitu hatujakishughulikia: damu haifiki, mfupa una wadudu, au mgonjwa anakikanyagia. Mara nyingi ni hilo la tatu.

Mkweli Daima, pole kwa wajomba. Sitabisha kwamba watu wanakatwa. Utafiti uliofanyika hospitali ya Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2011 ulihusisha wagonjwa 136 wenye vidonda vya miguu vya kisukari. Zaidi ya nusu walifika wakiwa daraja la 4 na la 5 la Wagner. Kipimo hicho kinaanza 0, mguu usio na kidonda ila una hatari. Daraja la 1 ni kidonda cha juu juu. La 2 kimefika kwenye kano, kiungo au mfupa. La 3 kuna jipu au mfupa umeoza. La 4 sehemu ya mbele ya mguu imekufa, nyeusi. La 5 mguu mzima. Sasa mtu akija na la 5, anachokata daktari ni kile kilichokwisha kufa nyumbani. Hospitali inaonekana ndiyo inayokata kwa sababu watu wanaichelewesha mpaka imebakiwa na kazi hiyo tu. Katika kila watu 100 wanaokatwa miguu kwa kisukari, kama 85 walianza na kidonda kidogo cha kawaida.

Lakini nikupe haki yako pia. Wapo wanaokatwa kabla mtu hajawapima mishipa ya damu. Una haki ya kuuliza: "Mapigo ya mguu yapo? Mmepima presha ya kifundo?" Wanapima presha ya mkononi na ya kifundoni kisha wanagawanya, ya kifundo juu ya ya mkono. Ikiwa chini ya 0.9 mishipa imebana. Tahadhari: kwa wenye kisukari mishipa huwa migumu kama bomba la maji, kipimo kinatoka kizuri kumbe uongo, kwa hiyo mguu wa baridi usio na mapigo usikubali kuambiwa uko sawa kwa sababu ya namba.

Mkweli Daima

Nimekusoma. Kwa hiyo muda wa kukimbia ni upi?

Nesi wa Vidonda

Kidonda chochote kwenye mguu wenye ganzi, siku hiyo hiyo au kesho yake. Hata kisichouma. Hasa kisichouma.

Na kuna cha kuondoka usiku bila kusubiri kupambazuke: wekundu uliosambaa zaidi ya sentimeta 2 kutoka ukingoni mwa kidonda, harufu, kidole kuwa cheusi au cha bluu, homa, kutetemeka, moyo kwenda mbio, sukari kupanda ghafla bila sababu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mgongo wa kiganja: joto, uvimbe, ngozi kung'aa. Mguu unaweza kuharibika ndani ya saa 48. Nimeshuhudia Ijumaa kidole, Jumatatu goti.

Fundi Raba

Mimi nashona viatu Makoroboi. Hao wazee wanakataa raba wanasema joto. Niwashauri nini?

Nesi wa Vidonda

Fundi, wewe unaweza kuokoa miguu kuliko mimi. Ndala ni mbaya, kamba inakata katikati ya vidole na mtu mwenye ganzi inamvuka mguuni hajui, anaendelea peku kwenye mawe ya mchana. Yeboyebo afadhali, ila unyayo ukiisha mwiba unapita. Katambuga, toa misumari, shona na gundisha, weka soli ya ndani laini. Chora mguu wa mtu kwenye boksi, jioni, wakati miguu imevimba kidogo, akate huo mchoro auingize kwenye kiatu. Ukikunjamana, kiatu ni kidogo hata kama yeye anasema kinamkaa. Mwenye ganzi hupenda kiatu kinachobana kwa sababu ndicho anachokisikia.

Kwa waliokwisha kupata kidonda cha chini ya unyayo, kiatu hakitoshi. Inatakiwa hogo maalumu (plasta ngumu kama ya aliyevunjika mfupa) hadi chini ya goti, linalogawa uzito mguu mzima ili kidonda kisibebe. Teknolojia hiyo ilikuzwa kwenye ukoma. Dkt. Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, alikuwa akitibu nyayo zenye ganzi za wakoma, na somo hilo likahamia kwa wenye kisukari. Uzuri wa hogo ni kwamba mgonjwa hawezi kulivua akaenda kuchungulia dagaa zake. Ila mguu usio na damu ya kutosha au wenye usaha haufungwi hivyo, lazima upimwe kwanza.

Mtoto wa Mwaloni

Hilo la kuchungulia dagaa umemsema mzee wangu bila kumjua.

Msukuma wa Busisi

Wakuu mimi niko Sengerema. Baba mkubwa, kisukari, mguu wa kushoto umevimba tangu wiki iliyopita, wa moto, mwekundu, hauna kidonda hata kimoja na haumuumi sana. Anatembea. Wanasema tende au gauti.

Nesi wa Vidonda

Asitembee. Kabisa, hata chooni asaidiwe. Inaweza kuwa mguu wa Charcot, jina la daktari wa Kifaransa: mifupa inavunjika na kusagika ndani kimya kimya kwa sababu ya ganzi, na kila hatua inaisaga zaidi mpaka unyayo unapinda kama chini ya mtumbwi. Inaweza pia kuwa maambukizi au damu kuganda kwenye mshipa, vyote ni vya hospitali leo. Akifika waseme ana kisukari, wapige eksirei na walinganishe joto la miguu miwili. Eksirei ya mwanzo inaweza kutoka safi, isiwadanganye.

Msukuma wa Busisi

Tunaondoka saa hii. Nashukuru daraja, enzi za pantoni ningekuwa bado nahesabu magari.

Mtoto wa Mwaloni

Mrejesho, miezi minne na nusu baadaye.

Kidonda kilifunga wiki ya 14. Hogo alifungwa baada ya usaha kuisha. Wiki ya tatu alilianika juani kwenye ukuta eti likauke vizuri, yeye mwenyewe akiwa ndani yake. Likabadilishwa. Sukari iliyokuwa 19 siku tulipompeleka sasa asubuhi inacheza 7 na 8. Kliniki wamemweka kundi la kuangaliwa miguu kila mwezi mmoja hadi mitatu, kwa sababu aliyewahi kupata kidonda ndiye wa kwanza kupata kingine. Sugu ya mguu wa kushoto wanaichonga wao.

Kila usiku mama anamkalisha kwenye kigoda, anawasha tochi ya simu, anaanza na katikati ya vidole. Mzee analalamika anakaguliwa kama gunia la dagaa. Asubuhi kabla ya kuvaa raba anaingiza mkono ndani. Juzi alitoa punje ya mchele, jana kofia ya soda. Katambuga mama alizikatia banda la kuku, zimekuwa bawaba za mlango.

Gunia Mbili

Bawaba za tairi hazina mpinzani.

Msukuma wa Busisi

Baba mkubwa ilikuwa Charcot kweli. Yuko kwenye hogo mwezi wa tatu, anawachosha wake zake wote wawili. Dada nesi Mungu akuweke.

Kijana wa Nansio

Samahani kufufua uzi. Leo mama amekubali nimfanyie ule mtihani, baada ya miezi yote hii. Amefumba macho, nimemgusa vyote sita, nikakaa kimya kama ulivyosema. Amesema "kushoto" mara moja na "kulia" mara moja. Vinne hakusema kitu. Halafu akafumbua macho akaniuliza mbona nimenyamaza. Chini ya mguu wa kulia kuna sugu yenye doa jeusi katikati.

Beseni nimelificha juu ya dari. Kesho tunavuka na meli ya asubuhi.